Mizigo ya Wengine: Usimamizi wa Wanasihi na Swali la Wajibu

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo dini na falsafa zimeyashughulikia tangu zamani, liko moja lililopewa nafasi ndogo kuliko linavyostahili, nalo ni kama mtu anayesikiliza maumivu ya wenzake kwa niaba ya jamii ana haki ya kudai kitu kwa jamii hiyo, na kama anayo, ni kitu gani. Kazi ya kusikiliza huhesabiwa na wengi kuwa kazi nyepesi, kwa kuwa haina jembe wala sindano, na anayeifanya hurudi nyumbani na mikono safi. Hata hivyo, anayeifahamu kwa karibu anajua kwamba maneno ya mtu aliyebakwa, aliyeshuhudia mauaji au aliyezika watoto wake hayaishii masikioni, na kwamba msikilizaji asiye na mahali pa kuyapeleka huanza, polepole na bila yeye mwenyewe kutambua, kuishi ndani yake. Insha hii inatetea rai kwamba usimamizi wa kitaalamu wa wanasihi, ule unaozingatia kiwewe, ni deni la haki na wala si hisani ya mwajiri, na kwamba mapokeo ya dini yanayofuatwa na wakazi wa miteremko ya Mlima Meru yana msingi wa kutosha wa kulitambua deni hilo.

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa kwanza. Unasihi ni msaada wa mazungumzo anaopewa mtu mwenye dhiki ili aielewe hali yake na kupata nguvu ya kuikabili, na anayeutoa ni mnasihi, ambaye katika huduma za afya nchini Tanzania huitwa pia mshauri nasaha, jina lililoenea hasa kupitia huduma za upimaji wa virusi vya UKIMWI. Kiwewe ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio lililozidi uwezo wa mtu kulihimili, jeraha ambalo hurudi katika ndoto, katika mishtuko ya mwili na katika hofu isiyolingana na mambo yaliyopo sasa. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitambua maradhi yatokanayo nalo katika mwongozo wake wa utambuzi mwaka 1980. Usimamizi wa kitaalamu ni mazungumzo ya mara kwa mara, kwa ratiba inayojulikana, kati ya mnasihi na mwenzake aliyekomaa zaidi katika kazi hiyo, ambamo kazi yenyewe hufunuliwa na kuchunguzwa kwa faida ya anayehudumiwa na ya anayehudumu. Usimamizi huo huwa umezingatia kiwewe pale unapokubali jambo ambalo Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walilieleza mwaka 1990, kwamba kusikiliza visa vya ukatili kwa muda mrefu hubadilisha imani za msikilizaji kuhusu usalama, uaminifu na wema wa dunia, hata kama hakuna baya lililompata yeye mwenyewe. Charles Figley, katika kitabu chake cha mwaka 1995, aliiita gharama hiyo uchovu wa huruma.

Kata ya Kimandolu, upande wa mashariki wa Jiji la Arusha, kwenye njia ya kwenda Moshi, ni mahali panapofaa kulifikiria swali hili, kwa sababu hapo, kama katika kata nyingi za Tanzania, sehemu kubwa ya unasihi haifanywi na watu wenye shahada za saikolojia. Anayepokea kisa cha kwanza huwa ni mchungaji au mwinjilisti, padri au imamu, ofisa ustawi wa jamii, muuguzi wa zahanati, mwalimu wa malezi shuleni, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, au mama mwenye heshima katika jumuiya ndogondogo ambaye kila mwanamke wa mtaa anajua kwamba mlango wake uko wazi. Watu hawa husikiliza mambo mazito kuliko yale ambayo mafunzo yao yaliwaandaa kuyasikiliza, na wengi wao hawana hata mtu mmoja ambaye ni wajibu wake kuwauliza kazi hiyo inawafanya nini.

Miteremko ya Meru, zaidi ya hayo, ina historia ndefu ya kupokea watu wenye visa visivyosemeka. Mwaka 1942 Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia, walianza kufika katika kambi ya Tengeru, umbali mfupi kutoka Kimandolu kwa barabara ileile, na idadi yao ilifika karibu 5,000. Makaburi yao yapo hadi leo. Mwaka 1951 takribani Wameru 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, nyumba zao zikachomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kwa kinywa chake mwenyewe yaliyowapata watu wake. Tukio hilo husomwa kama hatua ya safari ya uhuru, na ni sawa lisomwe hivyo. Lakini lilikuwa pia tendo la mtu mmoja kubeba maumivu ya wengi hadi mbele ya wageni, na vitabu havina la kusema kuhusu nani aliyembeba yeye.

Kisha ikaja Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda kwa Azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, mwaka uliofuata likaamua makao yake yawe Arusha, na hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015 ilikuwa imewafungulia mashtaka watu 93. Katika vyumba vya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa mashahidi walioletwa kutoka Rwanda na kwingineko, wakijulikana kwa herufi tu na kukaa nyuma ya pazia, walisimulia yaliyotokea katika siku zile mia moja za mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, mmoja wa washtakiwa hao, ya tarehe 2 Septemba 1998, ambayo kwa mara ya kwanza ilitamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, ilijengwa juu ya maneno ya wanawake waliokubali kusema mbele ya wageni yale ambayo hawakuweza kuyasema hata mbele ya ndugu.

Hapa inafaa kutua, kwa kuwa katika mahakama hiyo swali la msikilizaji lilijitokeza kwa umbo kali kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Shahidi alisema kwa Kinyarwanda, na maneno yake yaliwafikia majaji kupitia kwa wakalimani. Kanuni ya ukalimani wa mahakamani inamtaka mkalimani aseme kwa nafsi ya kwanza: shahidi anaposema kwamba alifungiwa ndani na kuona wanawe wakiuawa, mkalimani hasemi kwamba shahidi anadai alifungiwa, anasema kwamba mimi nilifungiwa na mimi niliona. Kwa saa kadhaa kila siku, mtu huyo huazima kinywa chake kwa nafsi ya mwingine, akiwa haruhusiwi kulia, kuuliza, kufariji, wala kupunguza ukali wa neno. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwa Wanyarwanda, ambao kwao majina ya vilima na parokia yaliyotajwa hayakuwa majina ya mbali. Mwanafalsafa anayetaka kujua kama maumivu yanaweza kuhama kutoka nafsi moja kwenda nyingine hahitaji mfano wa kubuni. Yamtosha kufikiri juu ya mtu aliyesema mimi kwa niaba ya watu wengi, kisha jioni akarudi nyumbani kula chakula na watoto wake.

Mahakama hiyohiyo iliacha fundisho jingine, chungu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2001, katika kesi iliyojulikana kama kesi ya Butare, majaji walicheka wakati shahidi aliyebakwa alipokuwa akihojiwa na wakili wa utetezi. Mahakama ilieleza kwamba kicheko hicho kilisababishwa na maswali ya wakili, hakikumlenga shahidi, na hakuna sababu ya kuyakataa maelezo hayo. Lakini manusura walikisikia kicheko hicho kwa masikio mengine, na mwanzoni mwa mwaka 2002 vyama vyao vya Ibuka na Avega vilisimamisha ushirikiano wao na mahakama. Hakuna ajuaye yaliyokuwa moyoni mwa wale waliokaa kwenye viti vya hukumu siku hiyo, wala haifai kuyakisia. Kinachojulikana kwa ujumla kuhusu kazi za aina hii ni kwamba anayesikiliza ukatili siku baada ya siku hufika mahali ambapo nafsi yake hutafuta upenyo, na upenyo huo waweza kuwa kicheko, ubaridi, haraka ya kumaliza, au udadisi unaopita kiasi. Mambo hayo yakitazamwa kama makosa ya tabia tu, dawa yake itakuwa karipio. Yakitambuliwa kuwa dalili za mzigo uliozidi, dawa yake ni kuwa na mahali ambapo dalili hizo hugunduliwa kabla hazijamdhuru anayesimulia. Msikilizaji aliyechoka humdhuru mtu aliyemjia kwa msaada, na ndiyo maana suala la usimamizi haliwezi kuachiwa utashi wa mnasihi mwenyewe, aamue kama anauhitaji au hauhitaji.

Wala haihitajiki vita au mauaji ya kimbari ili swali hili liugonge mlango wa jiji. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya msingi ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni karibu na Rhotia, wilayani Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wachungaji, masheikh, wauguzi, walimu na majirani walikwenda nyumba kwa nyumba, wakakaa na wazazi, wakasema maneno ambayo hali kama hiyo inayaruhusu. Taifa lilijua majina ya marehemu na ya watoto watatu walionusurika. Wale waliokaa na wazazi hawakuwa kwenye orodha yoyote, na hilo linaeleweka katika juma la msiba. Halieleweki baada ya mwaka.

Dini mbili zenye wafuasi wengi katika jiji hilo zina maandiko yanayogusa jambo hili moja kwa moja, na maandiko hayo, yakisomwa kwa haraka, yanapingana. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya waraka wake kwa Wagalatia, anawaagiza waamini kubebeana mizigo na kusema kwamba kufanya hivyo ni kuitimiza sheria ya Kristo. Kabla msomaji hajavuka aya tatu, anaambiwa kwamba kila mtu ataubeba wa kwake mwenyewe. Kurani nayo inakariri mahali pengi, kwa mfano katika sura ya sita na ya thelathini na tano, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, huku ikihimiza kusaidiana katika wema, na mwishoni mwa sura ya pili inasema kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi kupita uwezo wake. Mtu anaweza kujengea juu ya aya hizo maisha mawili yasiyofanana: mmoja akajitwisha kila kilio cha mtaa hadi akaanguka, mwingine akafunga mlango kwa kusema kwamba kila mtu na wake.

Mapatano hupatikana pale mambo mawili yanapotenganishwa, yaani uzito wa maumivu na dhamana ya maisha. Uzito unaweza kugawanywa. Mama aliyefiwa anapokuwa na mwenzake wa kukaa naye, kifo hakipungui, lakini upweke wa kifo hupungua, na upweke ni sehemu ya uzito. Dhamana haigawanyiki: hakuna mnasihi awezaye kusamehe kwa niaba ya aliyekosewa, kuamua kwa niaba yake kama ataiacha ndoa yenye kipigo, au kujibu mbele ya Mungu kwa yale ambayo mwingine ameyatenda. Aya za Kurani kuhusu mbebaji zinazungumzia hesabu ya matendo siku ya kiyama, hazizuii kumfariji mwenye huzuni. Na Paulo, ikiwa anaeleweka hivyo, anawaambia watu walewale kwamba wabebeane yanayobebeka na wasinyang'anyane yasiyobebeka. Mnasihi anayechanganya mambo hayo mawili ndiye anayeumia haraka, kwa sababu amechukua dhamana isiyo yake akidhani anachukua uzito. Hulala akijiuliza kwa nini yule msichana amerudi kwa mtu anayempiga, hujiona ameshindwa, na mara inayofuata humsikiliza msichana huyo kwa hasira iliyofichwa. Kazi ya kwanza ya usimamizi unaozingatia kiwewe, kwa maana hiyo, ni kazi ya kimaadili kabla ya kuwa ya kitabibu: ni kumsaidia mtu mwema kuona kipi ni chake na kipi si chake, jambo ambalo ni nadra sana kuliona akiwa peke yake, kwa kuwa wema wake wenyewe humziba macho.

Kitabu cha Kutoka, katika sura ya kumi na nane, kina kisa ambacho kingestahili kusomwa katika kila mafunzo ya unasihi yanayotolewa na makanisa. Musa anakaa tangu asubuhi hadi jioni akisikiliza mashauri ya watu. Mkwewe Yethro anakuja kumtembelea, anatazama, anauliza kwa nini anakaa peke yake, kisha anamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, kwamba yeye na watu wake watachakaa, na kwamba kazi lazima igawanywe. Mambo matatu yanafaa kuangaliwa. Yethro hakuitwa kwa sababu Musa amekosea. Alikuja kama ndugu, akaona kwa macho yake kazi inavyofanyika. Hakuuchukua mwito wa Musa wala kumfundisha sheria, alishughulikia namna ya kuubeba. Na alitaja madhara ya pande zote mbili, ya Musa na ya wale waliosimama kusubiri. Kwamba nabii mkubwa kuliko wote wa Torati alihitaji kuambiwa jambo hili na mtu wa nje, kuhani wa Midiani, kunapaswa kuwanyamazisha wale wanaodhani kwamba kuhitaji msimamizi ni upungufu wa imani.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, hakitoki katika maandiko. Kinatoka katika sifa ambayo jamii huwapa wanaovumilia kimya. Mchungaji asiyechoka, muuguzi asiyelia, mama anayebeba siri za mtaa mzima bila uso wake kubadilika, hao husifiwa mazishini na kwenye harusi, na sifa hiyo huwa kifungo, kwa kuwa aliyekwisha kusifiwa kwa nguvu zake huona haya kutafuta msaada. Wapo wanaoiita hali hiyo subira. Lakini mfano mkuu wa subira katika Kurani, baada ya Ayubu, ni Yakubu baba yake Yusufu, na sura ya kumi na mbili inasimulia kwamba mzee huyo alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, na alipolaumiwa na wanawe alijibu kwamba anayapeleka masikitiko na huzuni zake kwa Mwenyezi Mungu. Subira yake ilikuwa nzuri, tena ilikuwa na sauti. Zaburi za Biblia zimejaa malalamiko ya waaminifu, na Ayubu mwenyewe alisema maneno makali ambayo rafiki zake waliyaona kuwa kufuru. Kwa ushahidi huo, kunyamaza si sharti la uvumilivu katika dini yoyote kati ya hizo mbili, na anayemfundisha mnasihi kijana kwamba mtumishi wa kweli hasemi kinachomlemea anamfundisha desturi ya watu, hamfundishi dini.

Ikubaliwe basi kwamba deni lipo; inabaki kueleza linavyolipwa. Brigid Proctor wa Uingereza, katika miaka ya 1980, alieleza kwamba usimamizi wa unasihi una kazi tatu: kulinda kanuni za kazi, kukuza ujuzi, na kumrejeshea mhudumu nguvu zake. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki kazi ya kwanza imezimeza hizo mbili nyingine. Msimamizi huja na daftari, hukagua fomu, huuliza idadi ya wateja, husaini, huondoka. Na ingawa sekta ya afya nchini Tanzania inazungumza juu ya usimamizi shirikishi, yaani ule wa kusaidia badala ya kutafuta makosa, mhudumu ambaye maisha yake yote amekaguliwa hawezi kuamini kwa siku moja kwamba anayemuuliza habari za moyo wake hataandika ripoti. Kwa sababu hiyo busara inataka anayesimamia nafsi ya kazi asiwe, inapowezekana, yule anayeamua mshahara na uhamisho. Na pale ambapo watu hawatoshi na mtu mmoja lazima avae kofia zote mbili, aseme waziwazi ni ipi aliyoivaa leo.

Kanuni za huduma zinazozingatia kiwewe, ambazo wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulikia afya ya akili ulizichapisha mwaka 2014, zinataja usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa wenzao, ushirikiano, kumpa mtu sauti na hiari, na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Ubora wa orodha hiyo unaonekana inapohamishwa kutoka kwa mteja kwenda kwa mnasihi. Usalama unamaanisha kikao kinachoanza na kuisha kwa saa iliyoahidiwa, katika chumba ambacho maneno hayavuki ukuta. Hiari inamaanisha kwamba mnasihi ndiye anayechagua ni kiasi gani cha kisa akisimulie, kwa kuwa msimamizi anayedai kila undani humrudisha mwenzake ndani ya moto, naye mwenyewe akaingia bila sababu. Utafiti unaunga mkono tahadhari hii: uchambuzi wa majaribio ya kikao kimoja cha lazima cha kusimulia tukio mara baada ya janga, uliokusanywa na mtandao wa Cochrane, haukuona kwamba kikao hicho huzuia maradhi ya kiwewe, ukaona uwezekano wa madhara, na Shirika la Afya Duniani limeshauri kisitumiwe. Kumbukumbu hiyo iwe mbele ya kila kanisa au shirika linalokimbilia kuwakusanya wahudumu baada ya msiba na kumtaka kila mmoja aseme alichokiona. Na historia, katika miteremko ya Meru, inamaanisha kwamba msimamizi anayemsikiliza mnasihi mwenye kesi ya ugomvi wa shamba ajue kwamba katika familia nyingi za hapo kumbukumbu ya kufukuzwa haijawa hadithi ya kale.

Jambo jingine ambalo msimamizi mzoefu hulitazama ni mwakisiko, yaani hali ambapo yaliyotokea kati ya mnasihi na mteja hujirudia kati ya mnasihi na msimamizi bila yeyote kukusudia. Harold Searles, daktari wa Marekani, aliieleza mwaka 1955. Mnasihi aliyemsikiliza mtu aliyekata tamaa huja kikaoni akiwa mzito na asiye na neno, na msimamizi naye hujikuta hana neno. Akiitambua hali hiyo, amepata habari ya kweli kuhusu mteja ambayo hakuna fomu ingeweza kuibeba. Rafiki watatu wa Ayubu walianza vizuri kuliko wanavyokumbukwa, kwani walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Waliharibu pale ukimya wake ulipogeuka kuwa kilio, wakashindwa kukistahimili, wakajikinga kwa kueleza sababu. Laiti mmoja wao angekuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini kilio hicho kinamtisha hivyo.

Mapokeo ya Kikristo yenyewe yana mchango katika elimu hii ambao hausemwi vya kutosha. Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa akili mwaka 1920, alianza mwaka 1925 kuwafundisha wanafunzi wa theolojia ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, akiamini kwamba mgonjwa ni maandiko hai yanayostahili kusomwa kwa uangalifu uleule unaopewa vitabu. Kutoka hapo ilikua elimu ya uchungaji wa hospitalini, ambamo mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno na kuyaleta mbele ya msimamizi na wenzake, na maswali hurudi kwake: alihisi nini, alikimbia wapi, alisema sala ile kwa ajili ya nani. Mafunzo ya aina hiyo yametolewa kwa miaka mingi katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba usimamizi ni mmea wa kigeni usiojua udongo wa kaskazini mwa Tanzania.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu siri. Mtu aliyemwambia mchungaji wake jambo, amemwambia yeye. Kwa haki gani jambo hilo lifike kwa wa tatu? Jibu lina sehemu zisizolingana. Kwa padri aliyesikia kitubio hakuna mjadala, kwani muhuri wa ungamo hauvunjwi kwa sababu yoyote, na usimamizi hauwezi kuugusa. Kinachobaki kwake ni kuzungumzia hali ya nafsi yake, uchovu wake na usingizi wake, pasipo lolote linaloweza kumfichua aliyetubu. Kwa wengine wote, siri ni amana iliyotolewa kwa faida ya mwenye nayo, na amana hulindwa vibaya na mlinzi anayesinzia. Anayehudumiwa aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba mnasihi hushauriana na mwenzake mmoja anayebanwa na siri ileile, majina yabadilishwe, na mambo yanayotambulisha yaachwe. Katika kata ambayo watu wanajuana kwa ukoo na kwa benchi la kanisani, hilo la mwisho ni gumu, na pengine litalazimu msimamizi atoke kata nyingine kabisa. Uislamu unaosifu waamini ambao mambo yao huamuliwa kwa kushauriana hauna sababu ya kuliona shauri hili kuwa hiana.

Itasemwa pia kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Ushahidi wa Afrika unasema vinginevyo. Huko Harare, tangu mwaka 2006, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda umewatumia bibi wa mitaani kusikiliza wenye sonona, na kusimamiwa na kukutana wao kwa wao ni sehemu ya mpango wenyewe. Mpango huo umekwisha kufika Zanzibar. Karibu zaidi, Moshi na Bungoma ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha watoto yatima 640, ambao nusu yao walipewa tiba ya kiwewe na wanasihi wasio na shahada za afya ya akili, wakisimamiwa na wasimamizi wa hukohuko ambao nao walikuwa na wa kuwasimamia. Matokeo yalitofautiana kati ya eneo na eneo, kama ilivyo kawaida ya kazi za kweli. Lakini mnyororo wa usimamizi ulijengwa, ukashika, hapo Moshi umbali wa kilomita themanini hivi kutoka Arusha, kwa watu wa kawaida.

Kinachokosekana Kimandolu na katika kata zinazofanana nayo si fedha nyingi. Watu sita wanaokutana mara mbili kwa mwezi, mchungaji na ustadhi, muuguzi na ofisa ustawi, mwalimu na askari wa dawati, pamoja na msimamizi mmoja aliyefunzwa, wanahitaji chumba, saa moja na nusu, na ruhusa ya wakubwa wao. Ruhusa hiyo ndiyo ngumu, kwa kuwa saa hiyo haizai takwimu. Kwa hiyo mabaraza ya wazee wa sharika, kamati za misikiti, uongozi wa shule na Halmashauri ya Jiji wanaombwa jambo moja mahususi: wakati wa usimamizi uhesabiwe kuwa wakati wa kazi, uandikwe katika ratiba na katika bajeti, na taasisi yoyote isimkabidhi mtu jukumu la kusikiliza waliojeruhiwa kabla haijamtajia kwa jina nani atamsikiliza yeye.